Jina lako liko, indeksi ndiyo inadanganya

Wasee wa Wote na Kitui mjini, tuambiane ukweli. Mama anafika kaunta na mtoto mgongoni, anaambiwa "jina haliko kwa sistimu", anaandikishwa upya. Nimechoka na hiyo. Mara nyingine jina liko kabisa. Iliyooza ni indeksi.

Indeksi ya databesi ni kama faharasa ya kitabu. Kurasa zote ziko, lakini faharasa ikiharibika utaapa kitabu hakina hiyo habari.

Huku kwetu stima hupotea bila hodi. Diski ya bei rahisi inasema imeshaandika kumbe bado, indeksi inabaki nusu nusu. Na si stima tu. Agosti 2018, glibc 2.28 ya Linux ilibadilisha mpangilio wa herufi na alama: "11" iliyokuwa ikitangulia "1-1" sasa inaifuata. Ukipandisha mashine yenye PostgreSQL bila kujenga indeksi upya, faili zenye vistari zinatafutwa mahali hazipo.

Ishara huwa zipo. VACUUM inaingia usiku kufagia, inagonga ukurasa mbovu wa indeksi, inakatika, inaandika kosa kwa logi. Kesho hivyo hivyo. Takataka zinajaa na hakuna anayesoma logi. Watu wanazima, wanawasha, wanaenda chai. Halafu mtu anajigamba, "bakapu iko!" Buda, pg_dump husoma meza zenyewe, haikagui indeksi. Itapita vizuri tu huku indeksi imeoza.

Kwa hivyo msituambie habari ya seva mpya. Chukua nakala kwanza. Kisha endesha amcheck, inayokuja na PostgreSQL tangu toleo la 10 la mwaka 2017, ikuonyeshe indeksi gani ni mbovu. Ndipo ufanye REINDEX.

Na REINDEX ikigoma ikisema kuna nambari ya kitambulisho imejirudia, usifute ovyo. Huyo ni yule mama. Indeksi ilisema hayuko, mkamwandikisha mara ya pili. Sasa faili moja inasema dawa gani inamdhuru, nyingine ni tupu, na daktari anaweza kufungua hiyo tupu. Kaa chini uziunganishe kwa mkono, moja moja.

Wewe unayetunza hiyo mashine, logi ya jana usiku umeisoma? Kama bado, usimwambie mtu yeyote kwamba hayuko.