Jenereta na waya wa kambini
Mmarekani mwenye gari la kulala, lile lenye kitanda na jiko ndani, akifika kambini huchomeka waya mnene kwenye nguzo ya umeme. Wapo wanaowasha na jenereta ya gari wakati huohuo. Wazimu? Si lazima. Petroli ikilala miezi huacha utandu kwenye kabureta, hivyo mashine hunguruma mara kwa mara, tena ikibeba mzigo, tuseme kiyoyozi. Kinachozuia umeme wa nguzo na wa jenereta kukutana ni swichi ya kubadilishia: njia moja ikishika, nyingine imeachia. Ninaowaogopa mimi ni wa kwetu, wanaoingiza umeme wa jenereta nyumbani kwa waya wenye plagi huku na huku, meni swichi haijazimwa. Transfoma ya mtaani huweza kupandisha volti 230 hadi 11,000, na fundi yuko juu ya nguzo akidhani umeme umekatwa.