Wanaorusha droni Wote: Tuwaripoti au tuwaulize kwanza?

Mtu yeyote aliyehudhuria arusi, harambee au mazishi ya mtu mashuhuri huko Ukambani katika miaka ya hivi karibuni bila shaka ameisikia sauti ile: mvumo kama wa nyuki waliochokozwa mzingani, kisha kidude chenye panka nne kikaonekana kikielea juu ya mahema, kamera ikining'inia tumboni mwake. Mjini Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, droni si kioja tena. Wapo wanaozirusha kwa ajira, wakiwapigia maarusi picha. Wapo pia vijana, pamoja na watu wazima wenye mishahara yao, wanaozirusha kwa kujifurahisha tu, jioni upepo unapotulia, kama vile wengine wanavyocheza bao.

Hao wa pili ndio wanaohusika na uchambuzi huu. Ukiipima michezo yao kwa kipimo cha sheria, wengi wao huonekana kuwa wakosaji. Swali linalowakera majirani zao, na ambalo halijapata jibu la kuridhisha, ni hili: mwananchi anayeona droni ikipita juu ya paa lake au juu ya uwanja wa shule afanye nini? Apige simu kwa polisi, amwendee chifu, au anyamaze kwa kuwa kijana mwenyewe ni mtoto wa fulani na hana nia mbaya?

Kwanza tuitazame sheria, maana safari yake haikuwa nyoofu. Kwa muda mrefu serikali ilizichukulia droni kama silaha za kijeshi. Hifadhi ya Ol Pejeta kule Laikipia ilipotangaza mwaka 2013 kwamba ingetumia droni kuwalinda vifaru dhidi ya majangili, mpango huo ulikwama mikononi mwa serikali. Kanuni za kwanza, za mwaka 2017, zilibatilishwa na Bunge mwaka 2018, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ilibidi kungojea hadi Machi 2020 ndipo zikachapishwa kanuni mpya, ambazo Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA) ilikabidhiwa jukumu la kuzisimamia.

Kanuni hizo hazina mzaha. Mwenye kumiliki droni sharti awe ametimiza umri wa miaka 18. Chombo chenyewe lazima kisajiliwe, hata kama ni cha burudani, na kukiingiza nchini bila kibali ni kosa. Hakiruhusiwi kupaa zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani takribani mita 122, wala kuwakaribia watu, magari au majengo yasiyohusika kwa umbali usiofika mita 50. Mrushaji hana budi kukiona kwa macho yake wakati wote. Kurusha usiku kunahitaji idhini maalumu, na maeneo ya viwanja vya ndege yamewekewa mipaka ya kilomita kadhaa. Mahakama, magereza na vituo vya polisi ni mwiko.

Sasa chukua kanuni hizo uziweke juu ya ramani ya Wote. Mji wenyewe si mkubwa. Kituo cha polisi, mahakama, hospitali ya rufaa ya kaunti, ofisi za serikali ya kaunti, soko na stendi ya magari, vyote vimo humo humo, na barabara zinapita katikati. Ukiondoa mita 50 kutoka kila jengo na kila kundi la watu, mrushaji anabakiwa na nini? Anabakiwa na mashamba ya miembe na vilima vilivyo nje ya mji. Kwa hakika, mtu anayerusha droni mjini Wote bila kuonekana kuvunja kanuni yoyote ni nadra kama mvua ya Agosti.

Neno "kuonekana" ndilo lenye uzito hapa. Aliye ardhini hana futi kamba ya kupimia anga. Kidude chenye upana wa viganja viwili, kikiwa mita 60 juu, hufanana kabisa na kile kilicho mita 150. Wala jirani hawezi kujua kwa kutazama mawinguni kama kimesajiliwa au la, au kama mwenyewe ana kibali mfukoni. Anachokiona ni kivuli cha kosa, na kivuli hurefuka kulingana na saa ya siku na uhusiano uliopo baina ya majirani.

Waingereza walijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Desemba 2018, siku chache kabla ya Krismasi, watu walioripoti kuona droni karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini mwa London, walisababisha uwanja huo kufungwa mara kwa mara kwa zaidi ya siku moja. Safari takribani 1,000 zilivurugika na abiria wapatao 140,000 wakaathirika. Polisi wa Sussex waliwakamata mume na mke walioishi karibu na hapo, wakawazuilia kwa muda wa saa 36 hivi, na magazeti yakazianika picha zao. Hawakuwa na hatia. Mwaka 2020 polisi walikubali kulipa pauni 200,000, fidia pamoja na gharama za mawakili. Mkuu wa polisi wa eneo hilo alikiri kwamba huenda baadhi ya droni zilizoripotiwa zilikuwa za polisi wenyewe, waliokuwa wakiitafuta hiyo ya kwanza. Mkosaji hajapatikana hadi leo.

Ikiwa hayo yaliwezekana katika nchi yenye polisi waliofunzwa na vyombo vya kisasa, tutarajie nini pale ambapo ripoti inapokelewa na afisa ambaye huenda hajawahi kuzisoma kanuni za 2020? KCAA yenyewe ina makao makuu Nairobi, jirani na uwanja wa JKIA, zaidi ya kilomita 100 kutoka Wote. Mwananchi wa kawaida hataifikia; atakwenda kituoni au kwa chifu. Hapo mambo yanaweza kuchukua mkondo ambao Wakenya wanaufahamu vyema. Kijana huletwa na chombo chake, chombo huwekwa kabatini kama kielelezo, na mazungumzo yanayofuata hayahusu futi 400. Yanahusu kitu kidogo. Asiyekuwa nacho hupoteza kifaa alichokidunduliza kwa mwaka mzima, na mwenye nacho hurudi kurusha siku ya pili, akiwa na hakika kwamba sheria ina bei.

Si kwamba ripoti hazifai. Zipo hali ambamo kunyamaza ni kushiriki kosa. Januari 2025, moto mkubwa ulipokuwa ukiteketeza mtaa wa Palisades, Los Angeles, droni ya mtu aliyetaka tu kuutazama moto huo iligonga bawa la ndege ya kuzima moto na kulitoboa. Ndege hiyo ilitua salama, lakini ikaondolewa kazini wakati ilipohitajika zaidi. Yule bwana hakuwa jambazi. Alikuwa mtu mwenye udadisi, ambaye chombo chake kilikwenda mbali na upeo wa macho yake, na baadaye alikiri kosa mahakamani.

Kwetu, ndege za kuzima moto ni chache, lakini hatari ya aina hiyo ipo. Nzige walipovamia Kitui na sehemu nyingine za nchi mwaka 2020, ndege za kunyunyiza dawa ziliruka chini sana, mahali ambapo droni nazo huruka. Isitoshe, Ukambani ni nchi ya helikopta za wanasiasa. Msimu wa kampeni unapowadia, hutua katika viwanja vya shule, mbele ya umati, na juu ya umati huo huwa kuna droni mbili tatu zinazoshindania picha. Anayeiona droni ikielea penye helikopta inayoteremka hana muda wa kutafuta ushauri. Amwambie askari aliye karibu, papo hapo, na amwonyeshe mrushaji. Ni vivyo hivyo kwa droni inayozungukazunguka juu ya gereza au mahakama, na kwa inayoshushwa kwa makusudi juu ya vichwa vya watoto wa shule.

Ugumu wa kweli uko kwingine, mahali ambapo wataalamu wa usafiri wa ndege hawapatazami sana, nako ni nyuani mwa nyumba zetu. Katika boma nyingi za Makueni, bafu ni kijumba cha mabati au matawi kisichokuwa na paa. Tangu jadi ukuta ulitosha, kwa sababu hapakuwa na jicho lililotazama kutoka juu isipokuwa la mwewe. Droni imeubatilisha ukuta huo. Mama anayesikia mvumo ule akiwa anaoga hana njia ya kujua kama kamera inamwangalia yeye au inaangalia maembe ya jirani, na hofu yake haipungui kwa kuambiwa kwamba chombo kilikuwa umbali wa mita 55, kwa hiyo hakuna kanuni iliyovunjwa.

Katiba, katika kifungu cha 31, inampa mama huyo haki ya faragha. Kanuni za droni nazo zinamtaka mrushaji mwenye kamera aiheshimu faragha ya watu. Ipo pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Kamishna wa kuisimamia amekuwapo tangu 2020. Lakini sheria hiyo imeacha mwanya: shughuli za mtu binafsi zilizo za kibinafsi kabisa au za nyumbani kwake hazibanwi nayo. Mrushaji wa burudani anaweza kujikinga papo hapo, akadai kwamba picha ni zake na hazikwendi popote. Itachukua wakili hodari kuueleza umma ni wapi burudani ya mtu mmoja inapokoma kuwa jambo lake la kibinafsi. Kwa maoni yangu, inakoma pale inapovuka ua la mwenziwe, na malalamiko ya aina hii yanastahili kuripotiwa hata kama mlalamishi hawezi kuthibitisha kwamba picha ilipigwa. Polisi wasimwulize mama alijuaje. Wamwulize mrushaji alikuwa akitafuta nini pale, na wazitazame picha.

Kwa mengine yote yaliyosalia, na ndiyo mengi, naona kwamba hatua ya kwanza haipaswi kuwa simu kwa polisi. Mrushaji wa burudani hayuko mbali na chombo chake. Sheria yenyewe inamtaka akione. Maana yake ni kwamba naye anaonekana. Mwendee. Mwulize, kwa adabu, kama chombo kimesajiliwa na kama anajua kwamba hapo pana shule. Wengi watakishusha kabla swali la pili halijatoka kinywani. Anayetukana, anayekimbia au anayerudia kesho yake amekupa sababu ambayo hukuwa nayo mwanzoni, na hapo ripoti yako itakuwa na jina la mahali, saa na tendo, badala ya "tumeona kitu angani".

Wapo watakaosema kwamba mpango wa Nyumba Kumi, uliozinduliwa mwaka 2013, ulikuja kwa ajili ya mambo kama haya, na kwamba raia mwema huripoti kila kinachomtia shaka, kisha akawaachia wakubwa kazi ya kupembua. Wakazi wa Makueni wana mfano wao wa karibu. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzani wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku. Taarifa zikapelekwa, na Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) likafika na kuichukua, likieleza kwamba ni sehemu ya roketi. Hakuna aliyelaumiwa kwa kupiga ripoti, na haikupasa. Lakini pete ile haikuwa na mwenyewe kijijini. Haikuwa na jirani wa kuiwekea kinyongo cha mpaka wa shamba, wala haingeweza kulala korokoroni kwa kosa ambalo haikulitenda. Kuripoti kitu na kuripoti mtu ni mambo mawili tofauti, na mpango wa Nyumba Kumi haujawahi kutufundisha tofauti hiyo.

Kuna jambo moja ambalo kaunti hii, kuliko nyingine nyingi, ina uwezo wa kulifanya. Makueni ilijipatia sifa nchini, tangu siku za utawala wa Profesa Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, kwa kuwaketisha wananchi kuanzia kijijini hadi ngazi ya kaunti ili waamue miradi yao wenyewe. Kanuni za 2017 zilianguka kwa kukosa kikao kama hicho. Za 2020 zipo, lakini Wote hazijapata kuzungumzwa kwa lugha ya sokoni. Serikali ya kaunti, ikishirikiana na KCAA, ingeweza kutenga uwanja mmoja nje ya mji ambapo anayetaka kucheza atacheza, kwa saa zinazojulikana. Ingeweza pia kuweka katika kila kituo cha polisi na ofisi ya chifu karatasi moja ya Kiswahili na Kikamba inayoeleza droni gani ni kosa, ipi ni usumbufu tu, na ni nambari gani ya KCAA ambayo afisa ataipiga kabla hajamtia mtu pingu.

Kazi hiyo ingefaa ikamilike kabla ya likizo ya Desemba, miembe inapozaa na wana wa Makueni wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa wanaporejea nyumbani, baadhi yao wakiwa na vyombo hivyo mikobani, bado vipya, na bila cheti chochote.