Kipawa chenye Miguu Sita

Nilipomdokezea mwanachama mwenzangu kwamba ningependa kuandika kuhusu wapanda farasi wa Uingereza, alicheka kwa sauti, kisha akaniuliza Kiswahili kimeingiliana wapi na farasi wa matajiri wa Ulaya. Swali lake lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani, nami nitalirejelea kabla sijaweka kalamu chini. Kwa sasa namwomba msomaji anivumilie. Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea vimeundwa, nami sijaona mahali ambapo kauli hiyo inadhihirika wazi zaidi kuliko katika namna taifa lile linavyomtwaa mtoto aliye juu ya farasi mdogo na kumpandisha ngazi hatua kwa hatua hadi kwenye jukwaa la medali. Dai langu ni kwamba vidato vya juu vya ngazi hiyo vimeundwa kwa ustadi unaostahili kusifiwa, ila mguu wake umesimikwa penye mchanga. Isitoshe, kwa muda mrefu waliojenga ngazi hiyo walihesabu medali wakasahau kumhesabu farasi.

Tuanzie mwaka wa 1996. Katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Atlanta, Uingereza iliambulia medali moja tu ya dhahabu katika michezo yote, ikawa ya 36 katika jedwali la mataifa. Wapanda farasi wake walirudi mikono mitupu. Fedheha hiyo ilileta mageuzi. Kuanzia mwaka wa 1997 mapato ya bahati nasibu ya taifa yalianza kuelekezwa moja kwa moja kwa wanamichezo, na shirikisho la michezo ya farasi la nchi hiyo, lililoasisiwa mwaka wa 1972, likapata fungu lake na kuanzisha kile ninachokiita hapa Mpango wa Kiwango cha Dunia. Matunda hayakuchuma siku moja. Hata hivyo, London mwaka wa 2012 wapanda farasi hao walitwaa dhahabu tatu, fedha moja na shaba moja.

Sasa ngazi yenyewe ikoje? Chini kabisa yupo mtoto na farasi mdogo, yule ambaye kimo chake, kwa mujibu wa kanuni, hakizidi sentimita 148. Mtoto huyo hujiunga na chama cha watoto wapanda farasi, ambacho kilianza huko mwaka wa 1929, naye hujifunza kusafisha zizi kabla ya kujifunza kushika hatamu. Kisha huja mashindano ya kimataifa yaliyopangwa kwa rika: watoto, chipukizi, vijana wa hadi miaka 21, na wale wasiozidi miaka 25. Juu ya hapo ndipo macho ya wateuzi yanapokaza. Vikosi vikuu ni viwili. Kimoja ni cha wale wanaoonekana wanaweza kupata medali katika Olimpiki ijayo, yaani ndani ya miaka 4. Cha pili ni cha watarajiwa, wale ambao dalili zinaonyesha kuwa huenda wakafika huko ndani ya miaka 8.

Namwomba msomaji asiipite haraka hiyo miaka 8. Ni nadra kuona taifa likimwambia kijana kwamba hajafika, wala halimtarajii kufika mwaka huu wala ujao, ila litakuwa pamoja naye muda wote huo. Anayeingia kikosini hupewa ruzuku ya kujikimu, na zaidi ya hiyo huzungukwa na watu: mkufunzi, mtaalamu wa viungo, mwanasaikolojia, mtaalamu wa lishe. Farasi naye ana wake, daktari wa mifugo na fundi wa kupigilia vyuma vya kwato. Kila baada ya muda maendeleo ya wote wawili hupimwa, na anayekwama huondolewa. Ruzuku hiyo si mshahara wa kudumu.

Nimesema wote wawili kwa makusudi, kwa kuwa hapa ndipo mchezo huu unapotofautiana na mingine yote. Mkimbiaji wetu akijaliwa miguu na mapafu, amejaliwa vyote. Mpanda farasi anaweza kuwa na kipaji kisicho na mfano na bado akabaki nje ya kikosi kwa sababu farasi wake ameteguka mguu, au amezeeka, au mwenyewe ameuzwa. Kipawa chake kina miguu sita, na minne kati ya hiyo si yake. Kanuni za Olimpiki huongeza ugumu: farasi hukubaliwa tu akishatimiza miaka 8 au 9 kutegemea mchezo, na tena mwenye farasi sharti awe raia wa nchi ya mpandaji kabla ya tarehe inayowekwa mapema katika mwaka wa michezo. Mara nyingi farasi si mali ya anayempanda. Ni mali ya mtu mwingine ambaye asubuhi moja anaweza kupigiwa simu kutoka ng'ambo na kutajiwa bei ya kumtia kizunguzungu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mpango huu, ambayo haionekani kwenye televisheni, ni kuwabembeleza wenye farasi wasiuze, na kuwatambua farasi wachanga mapema ili walelewe sambamba na wapandaji. Mlezi wa vipaji hapa analea wawili wasiozungumza lugha moja.

Subira hiyo ina mifano. Nick Skelton alivunjika shingo mwaka wa 2000, akastaafu mwaka uliofuata, kisha akarudi. Alipata dhahabu ya timu London mwaka wa 2012, na mwaka wa 2016 kule Rio, akiwa na miaka 58, akajipatia dhahabu yake binafsi katika kuruka viunzi akiwa na farasi aitwaye Big Star. Laura Collett naye alianguka mwaka wa 2013, akalala siku kadhaa bila fahamu na kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia. Mwaka wa 2024 huko Paris alipata dhahabu ya timu na shaba yake mwenyewe katika mashindano yale yanayounganisha mwendo wa madaha, mbio za nyika na kuruka viunzi. Mfumo usio na subira ungekuwa umewafutilia mbali wote wawili.

Lakini kisa ninachotaka kukaa nacho ni cha Charlotte Dujardin na farasi Valegro, maana ndani yake mna utukufu wa mpango huu na aibu yake pia. Mwaka wa 2007 Dujardin alipata kazi ya usaisi katika zizi la Carl Hester, mpandaji mashuhuri. Msomaji aliyezoea tungo za kale za pwani anajua kuwa saisi ni mtunza farasi. Katika zizi hilo mlikuwamo farasi mchanga, mzaliwa wa Uholanzi, ambaye Hester alikuwa amemnunua angali mdogo. Ilitarajiwa kwamba binti huyo angemfunza tu, kisha bwana mwenyewe ampande. Mambo yakaenda kombo kwa namna ya heri. Wawili hao walipatana kiasi kwamba Hester alimwachia saisi wake hatamu. London wakatwaa dhahabu mbili, ya timu na ya binafsi. Desemba 2014 wakaweka rekodi ya dunia ya asilimia 94.3 katika onyesho la madaha linaloambatana na muziki. Rio wakarudia dhahabu ya binafsi, na mwishoni mwa mwaka huo wa 2016 Valegro akastaafishwa mbele ya umati, akiwa mzima wa afya. Ukimtazama farasi huyo akiinua kwato kwa mpigo wa ngoma, unasahau kuwa kuna mtu mgongoni.

Kisha ukaja Julai 2024. Siku chache kabla ya Michezo ya Paris ilijitokeza video iliyorekodiwa miaka kadhaa nyuma, ikimwonyesha Dujardin akimcharaza farasi miguuni kwa mjeledi mrefu, tena na tena, wakati wa somo alilokuwa akimpa mwanafunzi. Alijiondoa kwenye timu, akakiri kosa na kuomba radhi. Ufadhili wake ukasimamishwa. Desemba mwaka huo shirikisho la kimataifa likamfungia kwa mwaka mmoja, kuanzia siku ile ya Julai, na kumtoza faini ya faranga 10,000 za Uswisi. Wakati huo alikuwa na medali 6 za Olimpiki.

Wapo waliosema kuwa ni kosa la mtu mmoja. Mimi sikubaliani nao, wala sisemi hivyo ili kumpunguzia lawama. Mtu aliyepandishwa kwa miaka mingi kwenye ngazi ambayo kila kidato chake kinauliza idadi ya medali atajifunza kujibu swali analoulizwa. Shirikisho la kimataifa liliunda tume ya maadili na ustawi wa farasi mwaka wa 2022, miaka miwili kabla ya video hiyo kutoka. Yaani wakubwa walikwisha nusa moshi. Hapa najikuta nikiitilia shaka hata methali yetu. Tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke, tukimtwika mnyama lawama za utovu wa fadhila. Katika kisa hiki aliyebeba ndiye aliyepigwa, na shukrani ya mpandaji ndiyo iliyokuwa mjeledi. Naona ingefaa hali ya farasi iwe sharti la kuingia kikosini na la kubaki humo, ipimwe na watu wasiolipwa kwa hesabu ya medali, na ipimwe mazizini siku za kawaida ambapo hakuna kamera.

Turudi chini ya ngazi. Nilisema mguu wake uko mchangani. Fedha za umma huanza kumfikia mpandaji akiwa tayari ameshaonekana, na ili aonekane sharti mtu fulani awe amenunua farasi, akamlisha, akamsafirisha na kumlipia daktari kwa miaka mingi. Paris mwaka wa 2024 timu ya Uingereza ya kuruka viunzi ilitwaa dhahabu. Mmoja wa watatu hao alikuwa Harry Charles. Babake, Peter Charles, alikuwa katika timu iliyotwaa dhahabu hiyo hiyo London mwaka wa 2012, mwanawe akiwa na miaka 13. Simnyimi kijana sifa yake, kwani vile viunzi hakurukiwa na babake. Nauliza tu ni watoto wangapi wenye mikono myepesi kama yake ambao hawajapata kugusa hatamu.

Jibu moja lipo Brixton, kusini mwa London, ambako tangu mwaka wa 1996 pana klabu ya hisani iitwayo Ebony Horse Club inayowafunza watoto wa mtaa huo kupanda farasi. Humo ndimo alimotoka Khadijah Mellah, msichana aliyeshinda mbio za Magnolia Cup kule Goodwood mwaka wa 2019 akiwa amevaa hijabu. Zile ni mbio za shoti, si michezo ya Olimpiki ninayoizungumzia, lakini zinathibitisha kuwa kipawa hakiulizi anwani. Kinachouliza anwani ni mlango.

Na mlango huu una historia. Hadi mwaka wa 1948 mashindano ya madaha katika Olimpiki yalikuwa ya maafisa wa jeshi pekee. Mwaka huo Uswidi ilishinda dhahabu ya timu, kisha mwaka uliofuata ikanyang'anywa kwa kuwa mpandaji wake mmoja, Gehnäll Persson, alikuwa sajini aliyepandishwa cheo kwa muda ili aruhusiwe kushindana. Farasi alikuwa yule yule na mikono ilikuwa ile ile, tofauti ilikuwa nyota za begani! Kuanzia mwaka wa 1952 sharti hilo likaondolewa, wanawake nao wakaruhusiwa, na Lis Hartel wa Denmark, aliyekuwa amepooza miguu kuanzia magotini kwa ugonjwa wa polio, akapata medali ya fedha. Leo wanawake na wanaume hushindana pamoja katika michezo hii bila kutenganishwa. Cheo kiliondoka mlangoni, na mahali pake pakakaa mfuko wa mzazi.

Nimrudie sasa mwenzangu aliyecheka. Katika kuandika haya nilishangaa jinsi hazina yetu ilivyo pana kuliko tunavyoikumbuka. Tunalo tandiko, hatamu, lijamu na kikuku cha kukanyagia. Tunalo neno saisi. Tunazo telki na shoti kwa mwendo wa polepole na wa kasi. Wanahabari wetu wa michezo wametupa viunzi na mbio za nyika. Nilipokwama ni kwenye ule mchezo wa farasi kutembea kwa unyenyekevu na urembo kwa amri isiyosikika, nami nikauita mwendo wa madaha, kwa kuwa sikuona neno la Kiswahili linalotembea vizuri kuliko hilo. Wapo watakaoona linafaa zaidi kwa bibi harusi. Mhadhiri mmoja ameshaniambia kuwa matao lingekuwa na mvuto zaidi, nasi hatujaafikiana. Mwenye neno bora na alilete katika toleo lijalo.