Shabiki, Sarakasi na Kipande cha Boksi

Toleo hili limejengwa juu ya hoja moja, nayo ni kwamba picha au kisanamu cha sarakasi kilichotengenezwa na shabiki kwa kipande cha boksi ni kazi ya sanaa inayostahili kuchunguzwa, kuhakikiwa na kuhifadhiwa kwa vigezo vilevile vinavyotumika kwa kazi nyingine za sanaa. Hoja hiyo inahitaji kutetewa kwa sababu kazi za aina hii hutiliwa shaka mara mbili: kwanza kwa kuwa wahusika wake walibuniwa na mtu mwingine, na pili kwa kuwa zimetengenezwa kwa kitu kilichokuwa kikielekea jalalani. Historia ya sarakasi katika sanaa haiungi mkono shaka lolote kati ya hayo, kwa maana baadhi ya kazi zinazoenziwa sana leo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani zilifanywa na watu waliokuwa kwanza mashabiki wa sarakasi, na kadhaa kati yake zilifanywa juu ya kadibodi.

Istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa kabla ya hoja kuendelea. Sanaa ya mashabiki ni kazi anayoifanya mtu kutokana na mapenzi yake kwa onyesho, hadithi, mchezo au mhusika asiyekuwa wake, bila kuagizwa na mwenye mhusika huyo na aghalabu bila kutarajia malipo. Sarakasi, kwa msemaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki, kwa kawaida ni michezo ya viungo, yaani kujipindua, kukunja mgongo na kujenga minara ya watu waliosimama mabegani mwa wenzao, ambayo huweza kufanyika uwanjani bila hema wala wanyama. Lakini sarakasi iliyowavutia wachoraji wa Ulaya ni ile iliyotokana na uwanja wa farasi alioufungua Philip Astley mjini London mwaka 1768, ambamo wapanda farasi, na baadaye wachekeshaji na wanabembea, walionyesha ufundi wao ndani ya duara lililokuja kuzoeleka kuwa na kipenyo cha takriban mita 13. Kadibodi nayo ni jina la jumla la karatasi nene, na ndani yake mna aina mbili zinazopaswa kutenganishwa: ile bapa na ngumu inayotokana na matabaka ya karatasi yaliyoshindiliwa pamoja, na ile ya maboksi ya mizigo, yenye tabaka la kati lililokunjwa kama mawimbi.

Ushahidi wa kwanza wa hoja hii unatoka Paris, katika mtaa wa Montmartre, ambako Cirque Fernando ilikuwa na jengo lake katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Edgar Degas alikwenda huko mwezi Januari mwaka 1879, akachora michoro kadhaa ya matayarisho, kisha akamaliza picha ya Miss La La, mwanasarakasi mwenye asili ya Kiafrika na Kizungu aliyekuwa akivutwa hadi darini huku ameuma kamba kwa meno; picha hiyo sasa imo katika National Gallery ya London. Georges Seurat alikuwa akichora duara hilohilo alipofariki mwaka 1891, akaiacha picha yake ya sarakasi haijakamilika. Hakuna sarakasi iliyowaagiza watu hawa kuja kuchora, na walichokuwa nacho walipoingia ukumbini ndicho alichonacho kila shabiki, yaani hamu ya kutazama tena na tena jambo ambalo wengine wamelitazama mara moja wakatosheka.

Henri de Toulouse-Lautrec anastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa sababu kwake ushabiki na kadibodi vilikutana. Mwaka 1895 alimchora mchekeshaji mwanamke aliyejulikana jukwaani kwa jina la Cha-U-Kao, na picha hiyo, iliyofanywa kwa rangi za mafuta juu ya kadibodi na ambayo sasa imo katika Musée d'Orsay, inamwonyesha akiwa chumbani mwake, ameinama kidogo, akijifunga mkunjo mpana wa kitambaa cha manjano kifuani, huku nywele zake bandia nyeupe zikiwa zimefungwa juu ya kichwa kwa utepe wa rangi ileile, na ndani ya kioo kilicho ukutani akionekana mzee aliyevalia nguo za jioni. Mchoraji hakuchagua shani ya jukwaani, wakati watazamaji wote wanapopiga makofi. Alichagua dakika ambayo mwanamke huyo anajitengeneza awe mhusika anayejulikana na watu. Uchaguzi kama huo hufanywa na mtu anayemjua mwanasarakasi kwa muda mrefu, na ndiyo alama ya kwanza ambayo mhakiki anapaswa kuitafuta katika kazi ya shabiki yeyote.

Kadibodi ilichangia namna picha za aina hiyo zinavyoonekana. Toulouse-Lautrec alizoea kupunguza mafuta ya rangi na kuizimua kwa tapentaini, hata ikawa nyepesi kama maji, na kwa kuwa kadibodi isiyopakwa chochote hunyonya haraka, rangi hiyo ilikauka upesi bila kung'aa, ikamruhusu achore kwa mistari badala ya kufunika eneo zima. Rangi ya hudhurungi ya kadibodi yenyewe aliiacha wazi katika sehemu nyingi za kazi zake, ikawa mara kivuli, mara ukuta, mara ngozi ya mtu. Anayedhani kwamba kadibodi hutumiwa tu na asiyemudu turubai anapaswa kukumbuka kwamba mchoraji huyu alitoka katika familia ya makabaila na angeweza kununua nyenzo yoyote aliyoitaka.

Miaka minne baadaye, mwaka 1899, alipokuwa akitibiwa katika kliniki moja huko Neuilly, karibu na Paris, msanii huyohuyo alichora michoro 39 ya sarakasi kwa kumbukumbu peke yake, bila farasi wala mwanabembea mbele yake, kwa lengo la kuwathibitishia madaktari kwamba akili yake ilikuwa timamu. Michoro hiyo ilikuwa ya karatasi, lakini inatajwa hapa kwa sababu inaonyesha kile ambacho ushabiki huhifadhi: shabiki hubeba ndani yake mwendo wa farasi, mkao wa mpanda farasi na mjeledi wa msimamizi wa duara, na anaweza kuvitoa vyote hata anapokuwa amefungiwa chumbani. Pablo Picasso alipokea urithi huo. Cirque Fernando ilipokuwa imekwisha kubadilika jina na kuwa Cirque Medrano, alikuwa akienda huko mara kwa mara, na mwaka 1905 alichora juu ya kadibodi familia ya wanasarakasi pamoja na nyani, picha iliyoko Göteborg nchini Uswidi, na vijana wawili wanasarakasi pamoja na mbwa, iliyoko katika Museum of Modern Art ya New York.

Hata hivyo, mtu aliyeudhihirisha ushabiki huu kwa ukamilifu ni Mmarekani Alexander Calder, aliyezaliwa mwaka 1898 na kusomea uhandisi wa mitambo kabla ya kuingia katika sanaa. Mwaka 1925, alipokuwa akichorea gazeti moja la New York, alitumia wiki mbili kuchora maisha ya sarakasi ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey, na alipohamia Paris mwaka 1926 alianza kutengeneza sarakasi yake mwenyewe, akaiendeleza hadi mwaka 1931. Wahusika wake aliwaunda kwa waya, mbao, vitambaa, kadibodi, ngozi, vizibo vya chupa, vifungo na uzi, kisha akawachezesha kwa mikono yake mbele ya wageni walioketi chumbani, akiunguruma kwa niaba ya simba na kupuliza filimbi kwa niaba ya msimamizi wa duara, huku mkewe Louisa akishughulikia gramafoni. Sarakasi yote ilikunjwa na kusafirishwa ndani ya masanduku matano ya safari, na wasanii kama Joan Miró, Piet Mondrian na Marcel Duchamp waliitazama. Leo imo katika Whitney Museum ya New York, na wachambuzi wa sanaa huona katika waya zake zilizosawazishwa chanzo cha sanamu zake zinazoning'inia na kuyumba kwa upepo, ambazo ndizo zilizomjengea jina duniani. Kilichoanza kama mapenzi ya mtu mzima kwa hema na simba kikawa shule ya usawa na mwendo.

Kadibodi inayopatikana kirahisi zaidi leo ni ile ya boksi la mizigo, na tabia zake zinafaa kueleweka na mhakiki kama mawe yanavyoeleweka na mhakiki wa sanamu za mawe. Karatasi yenye mawimbi ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1856 kwa ajili ya bitana ya kofia, na mwaka 1871 Mmarekani Albert Jones akapewa hataza ya kuitumia kufungia chupa ili zisivunjike; baadaye ilibandikwa karatasi bapa pande zote mbili, ikawa boksi linalojulikana kila duka. Mawimbi hayo yana mwelekeo, na mwelekeo huo ndio unaoamua kazi: kadibodi hukunjika kwa utiifu sambamba na mawimbi, lakini hukataa na kupasuka ovyo inapokunjwa kwa kuyakata, kwa hiyo mguu wa mwanabembea unaopaswa kusimama imara hukatwa mawimbi yakiwa wima, na mgongo unaopaswa kupinda hukatwa yakiwa yamelala. Karatasi ya juu ikilowekwa kidogo na kubanduliwa, mawimbi hujitokeza kuwa mistari iliyonyooka, na mistari hiyo ikipakwa nyekundu na nyeupe kwa kupokezana huwa hema la sarakasi bila rula wala penseli. Rangi ya maji ikipakwa upande mmoja, karatasi hutanuka, kisha hukauka na kujikunja, ndiyo maana fundi makini hupaka na mgongo wa kazi yake, ili pande mbili zivutane kwa nguvu sawa. Kusawazisha nguvu zinazovutana ndiyo kazi ya mwanasarakasi mwenyewe anapotembea juu ya kamba, na anayekata kadibodi kwa mara ya kwanza hujifunza kazi hiyo kwa vidole.

Kizazi cha sasa kina sarakasi zake. Katuni ya The Amazing Digital Circus, iliyobuniwa na msanii anayejulikana kwa jina la Gooseworx na kutolewa na studio ya Glitch Productions ya Australia kuanzia tarehe 13 Oktoba 2023, inasimulia habari za watu walionaswa ndani ya ulimwengu wa kompyuta wenye sura ya sarakasi, na mhusika wake mkuu, Pomni, aliyevaa mavazi ya mchekeshaji ya rangi nyekundu na buluu, amechorwa na kuundwa upya na mashabiki wa nchi nyingi. Ikiwa shabiki anamkata Pomni kutoka katika boksi, anafanya jambo lisilo dogo, kwani mhusika ambaye kwenye skrini hana uzito analazimika sasa kupewa uzito, na kila swali ambalo katuni haikulijibu, kama vile kofia inashikwa na nini au shingo inaunganaje na mabega, linajibiwa na mkasi wa shabiki.

Hapo ndipo pingamizi kwamba shabiki ananakili tu linapopoteza nguvu. Ni kweli kwamba mhusika ana mwenyewe, na haki za mwenyewe zinapaswa kuheshimiwa, hasa kazi inapopelekwa sokoni. Ni kweli pia kwamba zipo kazi nyingi za mashabiki zilizofanywa kwa haraka na zisizo na jipya. Lakini udhaifu wa kazi moja si hukumu ya aina nzima, kama vile shairi bovu lisivyoifuta tungo. Mhakiki anapaswa kuuliza shabiki ameona nini ambacho wengine hawakukiona, na nyenzo yake imemsaidiaje kukisema. Afrika Mashariki haina sababu ya kulionea jambo hili ugeni, kwa kuwa Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba wa kujengea, na kutokana na nyenzo hizo za fundi wa mtaani ikazaliwa mikondo ya uchoraji inayobeba jina lake mpaka leo. Na watoto wa mitaa mingi ya ukanda huu wamekuwa wakiunda magari na nyumba kwa maboksi bila kusubiri kuambiwa kwamba hiyo ni sanaa. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete haivikwi kidole kilichotupwa.

Na kazi hizi hutupwa, au huliwa. Karatasi ya maboksi mengi ina tindikali na masalio ya mti ambayo huifanya iwe ya manjano na kuvunjika kadiri inavyopigwa na mwanga, unyevu wa pwani huilegeza, na mchwa hawaichagui kati ya iliyochorwa na isiyochorwa. Makala za toleo hili, zinazohusu historia, ufundi na uhakiki wa sanaa hii, zinawaomba walimu, wakutubi na wazazi wafanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wao: kuiweka kazi mbali na jua na sakafu, kuipiga picha ingali nzima, na kumwuliza aliyeitengeneza alikuwa akimtazama nani. Boksi la mizigo likigeuzwa mara nyingi huonyesha jina la kiwanda lilikotoka, uzito wa bidhaa iliyokuwemo na mishale inayoelekeza upande wa juu. Pembeni ya maandishi hayo ya biashara kuna nafasi ya kutosha kuandika jina la msanii na tarehe, na jarida hili linaomba nafasi hiyo ijazwe.