Mitungi Tunabeba Sisi, Kuzamia Wanafundishwa Wageni

Leo naomba tuzungumzie kuzamia. Sio ile ya kuzamia meli kwenda Ulaya, tulieni! Nasema kuzama baharini na mtungi wa hewa mgongoni, mambo yanayofanyika kila siku Nungwi, Kendwa na kule Mnemba.

Kwa nini leo? Kwa sababu kila nikiwasikia wakubwa wanahubiri uchumi wa buluu (Zanzibar ina wizara yake kabisa tangu 2020), najiuliza: hiyo buluu ni ya nani, kama anayebeba mtungi ni kijana wa hapa na anayefundishwa kuutumia ni mgeni?

Nilipomaliza form four nilipata kibarua cha kubeba mitungi kwenye boti moja ya wazamiaji. Siitaji jina. Kwa hiyo kozi ya mwanzo, ile wanayoiita Open Water, nimeiona mara nyingi tu nikiwa juu ya boti. Wengi tunadhani ni starehe za watu wenye hela. Jamani, ile ni skuli kweli kweli.

Kwanza mwanafunzi anaogelea mita 200 bila kupumzika, halafu anaelea dakika 10 bila kushika kitu. Hawamwekei saa kwenye kuogelea, aende taratibu atakavyo, ila afike. Kuna masomo ya darasani, kuna mazoezi kwenye bwawa au maji ya kina kifupi, ndio mwisho anatoka baharini kuzama mara 4, na asivuke mita 18. Mwalimu mmoja haruhusiwi kushuka baharini na wanafunzi zaidi ya 8.

Somo namba moja: usibane pumzi. Mtungi ule sio oksijeni kama watu wanavyodhani, ni hewa hii hii tunayovuta hapa kafe, imeshindiliwa tu. Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya huku juu. Ukijaza mapafu pale, ukabana pumzi kwa woga ukakimbilia juu, ile hewa inataka kutanuka mara mbili. Mapafu sio puto, yanachanika. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwalimu sio kuonesha samaki. Ni kumzuia mtu mwenye hofu asifanye kile ambacho mwili wake wote unamwambia afanye.

Kinachowatoa jasho wengi ni miwani. Unaambiwa uijaze maji makusudi ukiwa umepiga magoti chini, kisha uyatoe kwa kupuliza kwa pua. Siku moja dada mmoja mgeni alijaribu mara tatu, na mara zote alitaka kuruka juu. Maji yalikuwa meupe, naona kila kitu. Mwalimu, kaka wa pale pale kijijini, hakuonesha hasira. Alimshika mkanda wa jaketi, akawa anampimia kwa mkono: vuta, toa, vuta, toa. Siku hiyo hakuweza.

Sasa yule dada kesho yake alikuwa na ndege. Tajiri wa boti akataka apewe kadi yaishe, mteja kalipa. Mwalimu akagoma. Akasema, "Kadi hii haina tarehe ya kuisha. Nikimpa leo, siku yoyote atakufa kwa saini yangu." Akamwandikia karatasi ya masomo aliyofaulu, akamalizie kwingine. Mimi siku ile ndio nilielewa ualimu ni nini.

Tuje kwenye hoja. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikienda Pemba. Wapiga mbizi wakaletwa kutoka Afrika Kusini, kina na mkondo vikawashinda. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, mama na mtoto wake wakiwa ndani. Zilipita siku 13 hadi kutolewa, kwenye kina cha kama mita 58, na hapo pia wakaitwa wapiga mbizi wa Afrika Kusini kusaidia. Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia Ziwa Victoria pale Bukoba, watu 19 wakafariki. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Najua kuna mdau atauliza: kozi ya mita 18 ingefika mita 58? Haifiki. Na mwenye kadi hiyo sio mwokoaji, kozi yenyewe inamfundisha kujua mpaka wake. Lakini nani kaanzia darasa la saba? Baada ya Open Water kuna ya mita 30, kuna ya uokoaji, kuna kuongoza wazamiaji ukifika miaka 18 na ukiwa umezama walau mara 60, na ualimu ukifika mara 100. Mlango wa kwanza ukifungwa, yote imefungwa. Na mlango huo bei yake ni mamia ya dola. Kibarua wa boti anayelipwa kwa siku atazitoa wapi?

Halafu kuna dada zetu, wengi wamekulia hatua chache kutoka baharini na kuogelea hawajui. Msiniambie haiwezekani. Mradi wa Panje, Nungwi, uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya kujistiri, picha zao zikapata tuzo ya World Press Photo 2018.

Maoni yangu ni haya. Kuogelea kufundishwe skuli zote za pwani na visiwani. Kila kampuni ya kuzamia, sharti la leseni yake liwe kusomesha vijana kadhaa wa kijiji kila mwaka mpaka kadi, na darasa liwe la Kiswahili. Na watu wa feri na zimamoto nao wapite humo humo, wasingoje msiba.

Yule mwalimu aliyegoma ni mmoja wetu, kwa hiyo uwezo upo. Swali ni wangapi kama yeye bado wanabeba mitungi.

Nawasilisha. Wadau mnasemaje?