KOSA LIANDIKWE, LISIFICHWE

Wanafunzi wengi wa shule yetu siku hizi wanajifunza kuiamuru kompyuta kwa maneno, kwa desturi ya Unix, na kuandika programu ndogo ndogo za kuwasaidia kazi. Jambo hili lastahili sifa. Lakini imeingia desturi moja mbaya, nayo ni kuyatupa maneno ya makosa ili kazi ionekane safi. Mtu huongeza mwishoni mwa amri yake alama chache, 2>/dev/null, na malalamiko yote ya kompyuta huingia shimoni yasionekane tena. Mimi naona desturi hii ni hasara tupu, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza yafaa tujue asili ya jambo lenyewe. Unix ilianzishwa mwaka 1969 huko Marekani, katika maabara za Bell, na Ken Thompson na Dennis Ritchie pamoja na wenzao. Kila programu ya Unix hupewa njia tatu: njia 0 ya kupokea, njia 1 ya kutoa matokeo ya kazi, na njia 2 ya kutoa malalamiko. Lakini hapo mwanzo malalamiko hayakuwa na njia yake. Yalitoka pamoja na kazi. Katika miaka ya 1970 wataalamu wale walipata mashine ya kuchapa herufi kwa mwanga, ambayo karatasi yake sharti isafishwe kwa dawa kama picha. Walingoja dakika kadhaa, kisha wakakuta karatasi ina mstari mmoja tu, uliochapwa vizuri ajabu, wa kusema kwamba faili fulani halikufunguka! Ndipo makosa yalipotengewa njia ya peke yake. Wao waliitenga ili kosa limfikie mtu; sisi twaitumia ili lisimfikie.

Tuseme ipo programu inayonakili alama za mitihani kila usiku. Diski imejaa, na kila usiku programu yalia kwamba hakuna nafasi, lakini kilio chake chatupwa shimoni. Muhula wapita. Siku kompyuta inapoharibika, mwalimu anatafuta nakala, hapati hata moja. Je, kosa ni la diski? La, ni la yule aliyeiziba programu mdomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pili, haitoshi kosa kusemwa. Sharti lisemwe vizuri. Programu ya Thompson ya kuhariri maandishi, iitwayo ed, ilimjibu mkosaji kwa alama moja tu: ? Labda hiyo ilimtosha bingwa, lakini sisi si mabingwa. Neno la kosa liwe kama barua fupi: litaje saa, nani anayesema, anasema juu ya kitu gani, na kwa sababu gani. Kwa mfano:

2025-03-07 20:15:02 nakili-alama: kidato4.txt: faili halipo

Mwaka umetangulia ili mistari ipangike kwa mfuatano wake, na ili mtu asiulize kama ni tarehe 7 Machi au 3 Julai. Saa ni ya mzunguko wa 24, kwa maana sisi wenye saa za Kiswahili tukiandika "saa 2" tu, mmoja atafahamu asubuhi, mwingine usiku, na wa tatu atafuata hesabu ya Kizungu. Tena, programu yako ikiandika neno hilo kwa amri ya echo, weka >&2, ili lipite njia yake lisichanganyike na matokeo.

Tatu, kosa lihifadhiwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu wa zamu haridhiki kusema kwa mdomo kwamba dirisha la bweni limevunjika. Huandika katika kitabu cha zamu, naye ajaye husoma. Nasi tuandike 2>> makosa.log, tukikumbuka kwamba mshale mmoja hufuta yaliyotangulia, bali mishale miwili huongeza chini yake. Anayetaka zaidi atumie amri ya logger, ambayo hupeleka neno katika daftari la kompyuta nzima. Mpango wa daftari hilo, uitwao syslog, ulibuniwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980. Una ngazi 8 za uzito: 0 ni hatari kuu, 3 ni kosa, 4 ni onyo, na 7 ni maneno ya uchunguzi tu. Lakini nywila ya mtu isiandikwe humo kamwe, kwa sababu daftari husomwa na wengi.

Huenda wengine watasema kwamba maneno mengi huchosha, na daftari refu halisomwi. Ni kweli, nami nakubali. Hata desturi ya Unix yasema programu iliyofanikiwa inyamaze, itoe namba 0, basi. Lakini kunyamaza kwa aliyefanikiwa ni adabu. Kunyamaza kwa aliyeshindwa ni udanganyifu. Kama ipo sababu njema ya kulitupa neno moja unalolijua, litupe hilo peke yake, usiyatupe yote.

Basi, ndugu wanafunzi, kabla hujampelekea mwalimu kazi yako, itazame tena. Ikiwa umeweka shimo mahali pa daftari, liondoe leo. Kioo chako kitachafuka kidogo, lakini siku ya shida utajua pa kuanzia.

Mwanafunzi, Kidato cha 5