Telefone ikijibu, tuulize: nani alipima?

Juma hili mtoto mmoja alituambia darasani: « Mwalimu, telefone imesema mafuriko ya Kalehe yaliletwa na mabadiliko ya hali ya hewa. » Mwenzake akabisha, ya kwao imekataa. Wa tatu akasema kwao wanamshitaki bibi mmoja mzee kuwa mchawi. Hapo tuliogopa.

Tunayojua ni haya. Mwezi wa tano 2023, mvua kali ilijaza mito, maji na matope yakafuta nyumba za Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wanasayansi walichunguza, wakakiri kwamba hawawezi kupima sehemu ya mabadiliko ya hali ya hewa katika mvua ile, kwa kuwa vipimo vya mvua huku kwetu ni vichache mno. Lakini kwamba moshi wa petroli na makaa ya mawe unapasha dunia joto, hilo hawalibishi.

Programu ya akili bandia hupanga maneno, haikupima mvua. Inaweza kusaidia: mwaka 2024 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kuongea nayo kulipunguza imani ya watu katika uvumi wa njama za siri kwa kadiri ya 20 kwa mia. Inaweza pia kutunga uongo bila haya.

Basi mtoto akileta jibu la telefone, tumuulize: nani alipima, wapi, lini? Anayesema « bado hatujui » si mjinga. Na bibi yetu mzee tumwache aishi kwa amani.